Wawili tuna leseni ya meno, wa tatu ana nyumba: tugawane vipi?

GegoLaDodoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni akili zenu kabla sijaweka saini.

Mimi ni daktari wa meno, mwajiriwa wa serikali hapa Dodoma. Tuko watatu tunaotaka kufungua kliniki ya meno. Wa pili ni daktari wa meno mwenzangu, hapa nitamwita dokta, tulikaa dawati moja chuoni. Sasa yuko hospitali binafsi, anapokea 1,600,000 mkononi, na yuko tayari kuacha kazi aje kukaa kliniki muda wote. Mimi nitakuja jioni na Jumamosi. Wa tatu ni mhasibu, shemeji yake dokta. Ana nyumba Ilazo, upande wa barabarani kuna vyumba vinne havina mpangaji.

Mahesabu yetu ya kuanzia yako hivi: kiti cha pili cha meno na kompresa yake (mashine ya kusukuma hewa) 14,000,000, eksrei ya meno pamoja na chumba chake 11,000,000, mashine ya kutakasia vifaa na vifaa vidogo 8,000,000, mabomba, vigae na viyoyozi 9,000,000, usajili, samani na kompyuta 5,000,000, na fedha ya kujiendesha miezi sita 18,000,000. Jumla 65,000,000.

Mimi naweza kutoa 25,000,000 kwa mkopo wa mshahara wa miaka mitano, nitakatwa kama 610,000 kwa mwezi. Dokta hana fedha taslimu ila ana kiti alichonunua kwa mtu 9,000,000. Mhasibu anatoa vyumba, na anasema zile 40,000,000 zilizobaki tukope benki kwa hati ya nyumba yake.

Tumekubaliana theluthi kwa theluthi kwa sababu sisi ni marafiki. Lakini nikilala usiku kuna kitu kinaniwasha na sijui ni nini. Tuanze na jina la biashara au kampuni? Na hiyo theluthi ni haki?

KijiweNongwa

Ubia wa watatu: wawili watakuwa wanakutana bila wa tatu. Swali ni wewe utakuwa nani kati yao. Nimekaa pale na kahawa yangu.

Mizania

GegoLaDodoma, kinachokuwasha nakijua. Mmechanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja: jasho, chumba na fedha. Kila kimoja kina bei yake sokoni, na bei hiyo hulipwa kabla hamjaanza kuitana wabia. Faida ni kile kinachobaki baada ya hapo.

Ngoja nikuonyeshe kwa namba. Tuseme kliniki imechangamka, inaingiza 9,000,000 kwa mwezi. Toa vifaa vya matumizi 1,900,000, wasaidizi na mapokezi 1,200,000, umeme, maji, usafi na kuteketeza taka za hospitali 500,000. Inabaki 5,400,000. Kwa mpango wenu wa sasa kila mmoja anachukua 1,800,000. Inapendeza kuitazama, lakini itazame tena. Dokta anayeinama kinywani mwa watu siku sita kwa wiki amepata 1,800,000. Mhasibu ambaye vyumba vyake vingepangishwa labda 700,000 naye amepata 1,800,000. Wewe umepata 1,800,000 lakini benki imeshakata 610,000 huko kwenye mshahara, kwa hiyo una 1,190,000.

Sasa panga upya. Dokta alipwe mshahara 2,000,000, mhasibu alipwe pango 700,000, fedha yako ilipwe ile 610,000. Inabaki 2,090,000, ambayo ndiyo faida. Gawa kwa tatu, kila mmoja karibu 697,000. Dokta anaondoka na 2,697,000, mhasibu 1,397,000, wewe 1,307,000, na benki ikishakata 610,000 yake unabaki na 697,000. Theluthi yenu iko palepale, urafiki uko palepale, lakini dokta hatakuja kukununia mwezi wa nane.

Na hapo sijagusa deni la 40,000,000. Likiingia, hiyo 2,090,000 andika maumivu.

GegoLaDodoma

Mizania mkuu, shikamoo. Nimemtumia dokta huu ujumbe, kajibu "nani huyo, tumpe hisa". Swali: miezi ya mwanzo tukiingiza 3,000,000 tu, huo mshahara wa 2,000,000 unatoka wapi?

Mizania

Marahaba. Hautoki wote. Mlipe anachoweza kulia ugali, tuseme 1,000,000, na ile 1,000,000 nyingine iandikwe kwenye vitabu kuwa kliniki inadaiwa na dokta. Vivyo hivyo pango. Kosa la watu wengi ni kusema "tutafidiana mambo yakikaa sawa". Mambo yakikaa sawa kila mtu ana kumbukumbu yake. Andika deni.

Halafu nijibu wewe: ile 25,000,000 ni mtaji au unaikopesha kliniki? Maana kliniki ikifa, mkopeshaji anasimama kwenye foleni ya wanaodai, mwenye mtaji anabaki na hadithi. Kwenye maelezo yako umekaa kama mkopeshaji unapotaka kurudishiwa makato, na kama mbia unapotaka theluthi.

MtuWaKisiwani

Assalaam alaykum. Mizania umepanga vizuri, ila hapo pa 610,000 mie sipiti. Kumlipa mwenye fedha kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate, kwetu hiyo ni riba hata ukaiita jina zuri. Mwenye fedha akitaka kula na wenzake, ale kwenye faida, na siku ya hasara naye aumie.

Wazee wetu wa Unguja na mashehe wa misikitini watakuelezeni njia mbili. Mudharaba: mmoja atoa mali, mwengine atoa kazi, faida wagawana kwa mafungu waliyokubaliana, nusu kwa nusu au vyovyote. Ikipatikana hasara bila ya uzembe, mwenye mali apoteza mali na mwenye kazi apoteza jasho lake, hadaiwi kitu. Musharaka: wote wametia mali. Hapo faida yaweza kugawiwa kwa makubaliano, lakini hasara hufuata mtaji, kila mtu kwa kadiri alivyotia.

Nyie kwenye karatasi yenu mmeandika hasara mtagawana vipi? Nakwambieni hamkuandika. Watu huandika faida tu.

GegoLaDodoma

Shehe, ni kweli, hatukuandika. Hata neno hasara halimo.

Mizania

MtuWaKisiwani, nakubali hoja. Kama hataki kiasi maalumu basi apewe fungu kubwa zaidi kwenye faida badala ya ile 610,000. Kwa mwezi wa 9,000,000 faida inakuwa 2,700,000, yeye achukue hata nusu. Mwezi mbaya hapati kitu. Ila benki ya mshahara wake haijui mudharaba, itakata tu. Aamue kama mfuko wake unastahimili.

WakiliMstaafu

Nimesoma mpaka hapa, nimeona watu wanagawana faida ya kliniki ambayo haijatundika hata kibao. Niingie kwenye sheria.

Jina la biashara mnalosajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, ni jina tu. Cheti kile hakiwatenganishi ninyi na madeni. Kwa Tanzania Bara ubia unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, sehemu inayoanzia kifungu cha 190. Msipoandika mkataba wa ubia, sheria inawaandikia wa kwake: faida sawa, hasara sawa, hata kama mmoja alitoa milioni 25 na mwingine akatoa kiti. Mbia hapati mshahara kwa kufanya kazi ya ubia mpaka iwe imekubaliwa. Mbia mmoja akiagiza vifaa vya milioni sita kwa jina la kliniki, mmeagiza wote. Na mbia mmoja akifa, ubia umevunjika, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo.

Sasa fikirini kazi yenu ni ya namna gani. Dokta aking'oa jino lisilo lenyewe, mgonjwa akaenda mahakamani, mhasibu ambaye hajawahi kushika koleo naye yumo, kwa mali yake. Ndiyo maana mtu wa tatu asiye daktari ningemweka pembeni, au mkafungua kampuni ili dhima ikomee kwenye hisa. Kampuni haimwondolei daktari dhima ya mkono wake mwenyewe, lakini nyumba ya mhasibu itapumua.

Na nyumba hiyo. Mhasibu ana mke?

GegoLaDodoma

Anaye. Wanaishi nyumba hiyohiyo, upande wa nyuma.

WakiliMstaafu

Basi hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuiweka rehani, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamlinda vilevile. Benki yoyote makini itamwita mama huyo asaini. Je, ameambiwa?

MamaWawili

Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Wanaume watatu wamekaa baa wamegawana vyumba vya mwanamke aliyeko jikoni hajui.

Niwape yaliyonipata mimi, msiulize mkoa. Marehemu mume wangu alikuwa mbia kwenye duka la dawa na rafiki yake mfamasia. Walianza vizuri, mwaka wa nne mume wangu akafariki kwa ajali. Arobaini haijaisha nikaitwa kikao. Nikaambiwa duka lina madeni kwa wasambazaji, kwa hiyo fungu la marehemu limekula madeni, nisaini nimalize. Vitabu nikaomba, nikaonyeshwa daftari la kaunta kubwa lenye kurasa zilizochanwa. Shemeji zangu nao wakaja upande wao, wanataka fungu la kaka yao kabla mirathi haijafunguliwa. Duka bado lipo, nalipita nikienda sokoni, limepakwa rangi mpya.

Mume wangu hakuwa mjinga na mfamasia hakuanza kama mwizi. Hawakuwa wameandika thamani ya fungu inapigwaje na inalipwa kwa muda gani. Basi. Kila mtu akaja na bei yake, na mwenye funguo ndiye bei yake ikapita.

KijiweNongwa

Mama Wawili pole sana. Kahawa imekuwa chungu.

WakiliMstaafu

Pole dada. Ulichokisema ndicho ninachowaambia wateja kila wiki na hawanisikii, kwa sababu watu wanaoanzisha biashara hawapendi kuongelea kufa wala kuachana.

GegoLaDodoma, chukua hii. Kila Januari kaeni, funga hesabu za mwaka, andikeni kwenye karatasi moja: "kuanzia leo fungu la fulani lina thamani ya shilingi kadhaa", wote wasaini. Mtu akitoka au akifa ndani ya mwaka huo, bei ndiyo hiyo, hakuna mjadala msibani. Anayebaki alipe kwa awamu, tuseme miezi 24, kwa sababu mkilazimishana kulipa kwa mkupuo mnaua kliniki na aliyetoka hapati kitu. Bei ipangwe wakati hakuna anayejua nani atatoka. Siku hiyo kila mtu anakuwa mkweli, kwa kuwa anaweza kuwa muuzaji na anaweza kuwa mnunuzi.

Na mkopo wa mshahara mara nyingi una bima ya kifo. Ukifa wewe, deni linafutika, fungu linabaki kwa wanao. Andikeni hilo wazi, asije mtu akasema "deni limelipwa na bima, kwa hiyo hakuweka kitu".

MswahiliWaLikoni

Hamjambo ndugu zangu wa bara. Huku Kenya tuna kitu ambacho wataalamu wengi wamekimbilia, ubia wenye dhima yenye ukomo, sheria yake ni ya mwaka 2011. Mwasajili kupitia eCitizen, ubia wawa mtu kisheria, waweza kumiliki mali na kushtakiwa kwa jina lake, na deni la ubia halikufuati nyumbani kwako. Makosa yako mwenyewe ya kazi ndiyo yatakufuata. Mie na wenzangu wawili, wapima ardhi, tuliingia hivyo.

Ila nawaambia kweli, karatasi haikutuzuia kugombana. Tuligombana kwa sababu ya gari. Mmoja alileta gari lake likawa la kazi, mafuta yakatoka ofisini, tairi zikatoka ofisini, na jumapili likaenda harusini Kilifi. Miaka miwili hatukujua gari ni la nani. Kiti cha dokta wenu chanikumbusha hilo gari.

Mizania

Mkuu wa Likoni umenikumbusha jambo. Kile kiti cha 9,000,000, hiyo ni bei ya risiti. Leo kina thamani gani? Mwite fundi wa vifaa tiba asiyemjua yeyote kati yenu, akithaminishe, bei yake iingie kwenye mkataba, na kuanzia siku hiyo kiti ni cha kliniki. Kikivunjika ni cha kliniki.

Na jambo la pili, kubwa kuliko kiti. Zile 9,000,000 za mabomba na vigae. Kiti cha meno kinataka maji na njia ya maji machafu chini ya sakafu. Mnavunja sakafu ya nyumba ya mhasibu, mnalaza mabomba. Siku mkigombana mtabeba viti, mabomba hayahami. Mmemjengea. Ama mkataba wa pango uwe mrefu, miaka mitano na bei isiyopanda hovyo, ama gharama hiyo ikatwe kwenye pango kidogokidogo.

Kuhusu kodi: ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato, ila unawasilisha ritani (taarifa ya mapato), na kila mbia anatozwa kwenye fungu lake. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, halafu mkigawana gawio inazuiwa asilimia 10. Huduma ya meno haina VAT, hapo mna nafuu ambayo sisi wahasibu hatuna. Kwa faida ya milioni mbili kwa mwezi, kodi isiwe ndiyo inayowachagulia. Chagueni kwa sababu aliyosema wakili.

DaktariWaMbeya

Nafanya kazi hiihii. Ongeza kimoja ambacho wahasibu hawakioni: mgonjwa humfuata daktari, hafuati ukuta. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa wote wa Ilazo watakuwa na namba ya simu ya dokta anayeshinda pale. Na kituo kinahitaji msimamizi mwenye usajili hai wa Baraza la Madaktari, ambaye ni yeye. Akiondoka, mmebaki na viti na mabomba. Kwa hiyo hata mkimpa theluthi, ana kura ya turufu ambayo haijaandikwa popote. Bora mumpe kwa heshima kuliko aigundue mwenyewe.

Eksrei iacheni kwanza. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, chumba chenye kinga, na kwa kliniki changa mtapiga picha chache kwa siku. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nawatuma wagonjwa hospitali ya jirani, wanarudi na picha, naendelea. Hakuna aliyekasirika.

Na mkianza kupokea kadi za bima, msihesabu fedha hiyo kama imeingia. Unatibu mwezi huu, unalipwa baadaye, madai mengine yanarudishwa kwa kukosa saini. Zile 18,000,000 za kujiendesha msizipunguze hata senti.

GegoLaDodoma

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Mrejesho.

Tulikaa Jumapili, safari hii na mke wa mhasibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kiti kikiharibika, nitahamia kwa nani?" Hakusaini. Mhasibu alinywea kidogo, lakini nilimwona usoni kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Benki tumeachana nayo.

Tumekata kiti cha pili na eksrei. Bajeti imeshuka hadi 40,000,000. Zangu ni 25,000,000. Dokta anauza gari lake, IST, kwa 9,000,000. Mhasibu anatukopesha 6,000,000 kwa miaka miwili, imeandikwa ni mkopo, na MtuWaKisiwani atafurahi kusikia hauna riba. Mhasibu siyo mbia tena, ni mwenye nyumba: pango 700,000, mkataba wa miaka mitano, na atakata 150,000 kila mwezi mpaka 9,000,000 za mabomba ziishe. Nimepiga hesabu ni miezi 60, yaani mkataba mzima. Alicheka, akasema mmenifunga.

Kiti cha dokta fundi alikithaminisha 7,000,000. Dokta alinuna siku mbili. Kwa hiyo mtaji wake ni 16,000,000, wangu 25,000,000. Hasara itafuata mtaji, 61 kwa 39. Faida nusu kwa nusu baada ya mshahara wa dokta. Makato yangu ya 610,000 kliniki haiyajui, ni yangu na mwajiri wangu, na theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki nimeshaigusa, siwezi kukopa tena hata kikombe. Bei ya fungu tutaiandika kila Januari. Wakili wa hapa ndiye anaandika, tunafungua kampuni.

KijiweNongwa

Watatu wamekuwa wawili. Nilisema.

MamaWawili

Msalimie huyo mama.

FundiVifaaTiba

Samahani naingia kwa kuchelewa. Kiti cha dokta kinatumia kompresa gani? Kwenye bajeti mliyokata, kompresa ilikuwa imefungwa pamoja na kiti cha pili.

GegoLaDodoma

Dokta anasema anayo ya kwake, kubwa, alinunua kwa fundi pancha mmoja pale Majengo. Inafanya kazi vizuri ila ina kelele.

FundiVifaaTiba

Hiyo ni ya mafuta, GegoLaDodoma. Inatema ukungu wa mafuta kwenye hewa, na hewa hiyo ndiyo mnakaushia jino kabla ya kuziba. Vizibo vya meno vitakuwa vinabanduka na mtadhani ni dawa mbovu. Tafuteni isiyotumia mafuta.

GegoLaDodoma

Kwa hiyo IST imeisha kabla haijauzwa.